Kukodi Prado Maskati kwenda mchanga wa Sharqiya: uzoefu wangu

Ofisi ya Maskati iliyonikodishia Prado ya kwenda Sharqiya Sands, jangwa la mchanga mashariki mwa Oman, nimeipa nyota tatu kati ya tano. Gari lilikuwa zima, kiyoyozi kikali, na siku ya kurudisha hawakunizungusha. Nyota mbili nimezikata kwa sababu walijua naenda mchangani, wakanikabidhi gari lisilo na kifaa hata kimoja cha mchangani. Hakuna kipimo cha upepo wa matairi, hakuna kompresa ya kuyajaza, hakuna beleshi, na tairi la spea lilikuwa na psi 19 tu (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi). Mambo kama hayo huwa unayagundua ukiwa Bidiyah, mji wa ukingoni mwa mchanga, kilomita 220 kutoka Maskati, siku ya Ijumaa, ofisi imefungwa.

Kwanza hesabu. Prado ya V6 ya petroli, riali 38 kwa siku, siku mbili. Amana ya riali 200 ilishikiliwa kwenye kadi. Bei hiyo inakupa kilomita 250 kwa siku, na kila kilomita inayozidi ni baisa 60 (baisa elfu moja ni riali moja). Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana kwenda na kurudi Bidiyah peke yake ni 440, kuzunguka mchangani kama 60, kuchepuka Wadi Bani Khalid, bonde la milimani lenye mabwawa ya maji, nyingine 110. Jumla 610, kwa hiyo 110 za kulipia, sawa na riali 6 na baisa 600. Mafuta yalikwenda lita 85 hivi. Petroli ya oktani 95 ilikuwa baisa 239 kwa lita, bei ambayo serikali iliifunga isipande tangu mwishoni mwa 2021, kwa hiyo riali 20 na ushee. Ukiongeza upepo wa matairi na maji ya kunywa, safari nzima ilisimama kwenye riali 105 bila malazi. Watu wanne mkichanga ni riali 26 na kidogo kila mtu.

Mkataba usome mpaka mstari wa mwisho. Mikataba mingi ya aina hii ina kifungu kinachoondoa bima ukishatoka kwenye lami. Kifungu hicho hakikukatazi kwenda. Kinachosema ni kwamba chochote kitakachovunjika huko kinatoka mfukoni mwako: bampa la mbele, rejeta, taa za ukungu, hata kibao cha namba, ambacho hung'oka kirahisi gari likichovya pua kwenye mchanga. Waulize kwa WhatsApp kama unaruhusiwa kuingia Sharqiya Sands, ili jibu libaki kwa maandishi. Halafu piga video ukizunguka gari polepole, na uiname upige chini ya bampa na ndani ya madigadi. Wakati huohuo shuka mpaka kwenye spea, ipime, tafuta jeki na spana ya nati uvione kwa macho. Mimi niliambiwa "vyote vipo". Vilikuwepo kweli, ila spea yenye psi 19 haikufikishi mbali kwenye lami.

Kuhusu leseni, mgeni wa matembezi anaendesha kwa leseni ya kwao, na ya kimataifa ikiwepo ni salama zaidi. Ukiwa mkaazi wanataka ya Oman. Kwa sisi tuliojifunzia Dar au Mombasa, usukani uko kushoto na gari linapita kulia. Kwenye barabara kuu utazoea ndani ya nusu saa. Shida ni kipilefti, ambazo huku unaziingia kwa kukata kulia. Aliye ndani, anayekujia kutoka kushoto kwako, ndiye mwenye haki, na hatasimama. Gari pia litakupigia kengele ukifika 120. Usiichukie kengele hiyo, kamera ni nyingi na faini hukatwa kwenye ile amana.

Toka Maskati saa kumi na moja na nusu alfajiri, pita Bidbid na Ibra, na kabla ya saa tatu asubuhi utakuwa ukingoni mwa mchanga. Sababu ya kuwahi si jua peke yake. Mchanga wa asubuhi umeshikana kwa ubaridi na umande, lakini adhuhuri unalegea unakuwa kama unga, na mahali ulipopita saa tatu bila kuhisi kitu, saa nane utazama. Msimu wake ni Oktoba mpaka Machi. Kiangazi joto linapita 45, na mtu aliyekwama kwenye joto hilo bila kivuli yuko kwenye hatari ya kweli. Beba lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku, hata kama mnarudi jioni. Ukisimama Ibra kununua mikate, usishangae mzee wa dukani akikujibu Kiswahili safi cha Unguja. Koo nyingi za Sharqiya zilikuwa na watu Zanzibar na bara.

Sasa upepo, ambao ndio kazi yote. Kwenye lami Prado inataka psi 32 hadi 35. Mchangani shusha mpaka 16 au 18. Watu hudhani unapunguza ili tairi liwe pana. Linapanuka kidogo tu. Kinachokusaidia ni kwamba linarefuka pale linapogusa chini, uzito wa gari unagawanyika, na tairi linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kifuniko cha valvu kitie mfukoni, usikiweke juu ya bampa. Bonyeza kipini cha katikati kwa ncha ya ufunguo au kijiti kigumu, hesabu dakika moja, pima, endelea. Ukifika mahali pake, ubavu wa tairi utakuwa umetokeza kidogo karibu na ardhi, na alama unayoiacha nyuma ni bapa, imechapwa vizuri kama muhuri. Ukiona bado inaacha mfereji, toa tena psi mbili.

Kuna kosa moja linalofanywa sana hapa. Ukitoka kwenye mwendo wa 120, matairi yana moto na kipimo kinasoma 38 au 40. Ukishusha hapohapo mpaka 16, yakipoa utakuta 14. Na 14 unaweza kuendesha, mradi usikate kona kwa nguvu. Ukishuka chini ya 10 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kulirudisha mchangani bila kompresa ni kazi ya nusu siku. Kama huna kipimo, kama mimi nilivyoachwa, maduka ya matairi pale Bidiyah na Al Wasil, mji mdogo jirani, yanashusha na kujaza kila siku. Nililipa riali moja kwenda na riali moja kurudi. Ila kipimo cha kwako kinunue Maskati, cha saa ya mshale, usitegemee cha mtu.

Kabla ya kuingia, weka H4 (magurudumu yote manne, gia za kawaida), funga difu ya katikati ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na ubonyeze kitufe cha kuzima VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ukakishikilia sekunde kadhaa gari likiwa limesimama. Usipokizima, kompyuta ikiona tairi linateleza inakata nguvu za injini, na inakata palepale unapozihitaji. L4, yaani magurudumu yote manne kwa gia nzito za polepole, ni ya kujinasua na kuteremka miteremko mikali. Kuihamisha, gari lisimame na gia iwe N.

Vilima vya Sharqiya vimelala kaskazini kwenda kusini kama mikunjo ya shuka, vingine vya kaskazini vinakaribia mita mia. Kati ya mkunjo na mkunjo kuna bonde pana, na njia kuu ya kwenda kwenye kambi za watalii inapita humo. Njia hiyo imekunjika kama bati la migongo na itakutikisa meno, lakini haikwamishi. Anayejifunza aanzie huko, apande vilima vidogo vya pembeni. Panda ukiwa umenyooka, shuka ukiwa umenyooka. Ukikata kilima kwa ubavu, mchanga wa chini unateleza na gari linaanza kulala. Likianza, elekeza usukani upande wa mteremko na uongeze mafuta kidogo, mkono wako utake usitake, maana silika inakutuma kuuzungusha kwenda juu. Kilele usikiruke, upande wa pili unaweza kuwa ukuta au kuna gari la mwenzako. Ukiishiwa nguvu kabla ya kilele, weka rivasi mara moja na urudi chini kwenye alama zako zilezile. Usijaribu kugeuza katikati ya kilima. Na ukitaka kusimama usikanyage breki, kwani breki inasukuma kifusi cha mchanga mbele ya kila tairi na hicho ndicho kitakachokuzuia kuondoka. Achia mafuta, gari lisimame lenyewe, pua ikiangalia chini.

Kukwama hakukwepeki. Dalili ya kwanza ni injini kulia zaidi huku gari likienda kidogo. Ukihisi hivyo achia mafuta. Anayeendelea kukanyaga anachimba, na ndani ya sekunde kumi gari limekalia tumbo. Shuka, tazama. Kama tumbo bado halijagusa, fukua mchanga mbele na nyuma ya matairi yote manne, shusha upepo mpaka 12, weka L4 na rivasi, toka taratibu kwa njia uliyoingilia. Gari hutoka kwa kurudi nyuma mara nyingi kuliko kwa kwenda mbele, kwa sababu nyuma umeshaushindilia. Kama tumbo limekaa, lazima ufukue na chini ya gari, kwa mikono au kifuniko cha boksi la barafu kama ulinyimwa beleshi. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chesisi tu. Ikifungwa kwenye kirungu cha kuvutia trela au kwenye bampa, kinachong'oka kinaruka kama risasi. Mabedui wa huko ni wepesi wa kusaidia na wanajua kazi. Akija anayefanya kwa malipo, bei mkubaliane kabla kamba haijafungwa.

Mtandao unakatika ukishaingia mabonde ya ndani, kwa hiyo pakua ramani ungali Maskati na umtumie mtu mahali ulipo kabla ya kuondoka Bidiyah. Kwenda kwa gari moja peke yake sishauri zaidi ya ile njia kuu.

Na hili ofisi za kukodisha hazitakwambia: kama shida yako ni kulala kambini, kuona jua likizama na kunywa kahawa ya iliki kwa tende, huhitaji fowili, yaani gari la kuvuta kwa magurudumu manne kama Prado. Kodi gari dogo la riali 10 au 12, liache Al Wasil au Bidiyah, kambi nyingi zina gari la kuja kuchukua wageni kwa malipo. Fowili ina maana kama unataka kuushika usukani mwenyewe mchangani.

Wadi Bani Khalid ni lami mpaka maegesho, mabwawa yako mwendo wa dakika chache. Vaa kaptula ya magotini na fulana hata majini, na dada zetu vilevile wavae nguo za kusitiri. Mawe yana utelezi, viatu vya mpira vinasaidia kuliko ndala. Wingu likitanda juu ya milima, ondoka, hata kama ulipo hakuna tone. Maji ya wadi yanatoka mbali na yanafika ghafla, na kuvusha gari kwenye wadi inayotiririka ni kosa la kisheria Oman.

Kurudi, jaza upepo kabla hujagusa barabara kuu. Tairi la psi 16 kwenye mwendo wa 120 linapata moto na kupasuka. Kompresa ndogo inachukua dakika tano hadi nane kwa tairi moja, injini ikiwa inawaka. Ngamia huvuka hata usiku, hivyo jitahidi kuondoka mapema. Osha gari kabla ya kulirudisha, ndani na nje, na uombe wapulize mchanga kwenye rejeta kwa upepo. Niliosha kwa riali 3, na kwenye mkataba wangu faini ya gari chafu ilikuwa riali 15. Amana ilirudi baada ya wiki tatu, wakisubiri kwanza kama kuna picha ya kamera. Kibao cha namba cha mbele kilikuwa kimebaki na skrubu moja.