Pedi au kibodi na mausi?

Huu ubishi wa kucheza gemu kwa pedi (kile kidude cha kushika kwa mikono miwili) au kwa kibodi na mausi hauishi, na mi natumia vyote viwili so ngoja niseme ninavyoona. Gemu za risasi mausi iko mbali sana, unageuka nyuma kwa kusukuma mkono mara moja tu na kulenga kichwa ni rahisi, ndo maana gemu nyingi zinawapa watu wa pedi msaada wa kulenga ili mechi isiwe ya kuonewa. Ila njoo kwenye mpira au magari, hapo kibodi inateseka, kitufe ni kubonyeza au kuachia basi, wakati stiki ya pedi, kile kijiti cha dole gumba, unaisogeza kidogo kidogo na gari linaifuata kona vile unavyotaka, mi mbio za magari bila pedi siwezi kabisa.

Gharama? Mwenye kompyuta ya mezani kibodi anayo tayari.

Kudumu sasa, stiki za pedi zinachakaa ndani mpaka mchezaji anatembea mwenyewe hujagusa kitu, mshkaji wangu alipoteza fainali hivyo na iliniuma sana. Mausi nayo ikizeeka, unabonyeza mara moja yenyewe inahesabu mara mbili. Kibodi ni kufuta vumbi tu.

Kama unapanda ranki za risasi chukua mausi, kama unacheza umejilaza kwenye kochi na washkaji, pedi.