Nusu siku katika makumbusho ya zimamoto: uzoefu wangu na watoto watatu

Katika ratiba ya safari yetu ya familia niliyaweka makumbusho ya zimamoto mwisho kabisa, kama mahali pa kukimbilia iwapo mvua ingenyesha, na siku ya tatu mvua ikanyesha. Nilitarajia yale yale ya siku zote, yaani magari mekundu yaliyong'arishwa, kamba za kuwazuia watu na vibao vya kukataza kugusa, kwa hiyo nilimwambia mume wangu kwamba saa moja ingetosha kabisa. Tulitoka baada ya takriban saa nne, na tulitoka kwa sababu mlango ulikuwa unafungwa. Tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, mama mkwe wangu, na watoto wetu wa miaka 11, 7 na 4.

Nimechelewa kuandika maoni haya kwa makusudi. Siku ile ile ya matembezi kila mtoto husema amefurahi, hasa akiwa amepandishwa kwenye gari lenye king'ora, na neno hilo halimsaidii mzazi mwingine anayetaka kujua kama safari inafaa. Nilingoja wiki tano ili nione ni nini kitakachobaki vichwani mwao, na matokeo yamenishangaza, maana vitu vilivyonivutia mimi karibu vyote vimesahaulika, ilhali vile walivyovifanya kwa mikono, magoti na mapafu yao bado wanavisimulia bila kukosea hatua hata moja.

Ukumbi wa kwanza ni wa magari, nao sitauzungumzia sana. Magari ni mazuri, lakini mtoto anaruhusiwa kupanda moja tu, na foleni ya kiti cha dereva ilituchukua dakika 25 ili kila mmoja aketi kwa muda usiozidi dakika mbili. Kipo pia kipande kifupi cha nguzo ya kutelezea, ambayo watoto hushuka wakikumbatiwa na godoro nene chini. Maelezo yake ni kwamba nguzo hiyo ilianza kutumika Chicago mwaka 1878, kwa wazo la nahodha wa kikosi David Kenyon, katika kituo ambacho wazimamoto walikuwa wakilala ghorofani na kupoteza muda kwenye ngazi. Watoto waliteleza mara saba, na leo hakuna hata mmoja anayekumbuka ni mji gani. Kama muda wenu ni mfupi, nashauri mpite hapa haraka na mrudi mwishoni, foleni ikiwa imepungua.

Ukumbi wa pili ndio uliotukamata. Katikati kuna nakala ya pampu ya mkono ya mtindo wa karne ya 18, yenye tangi la mbao chini na mihimili miwili mirefu pembeni, ambayo watu husimama pande mbili na kuisukuma kwa zamu, upande mmoja ukishuka mwingine ukipanda. Pampu za namna hii zilipata umaarufu kupitia fundi wa London, Richard Newsham, aliyepewa hataza mwaka 1721 na tena mwaka 1725, ingawa wazo la kusukuma maji kwa silinda mbili ni la kale zaidi na hutajwa pamoja na jina la Ctesibius, mvumbuzi aliyeishi Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Maelezo hayo yameandikwa ukutani, na bila shaka wanangu wasingeyajali kama kusingekuwa na kishikio kidogo kinachomwezesha mgeni kuifunga silinda moja. Silinda zote mbili zikifanya kazi, maji hutoka kwa mfululizo, kwa sababu moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Ukifunga moja, maji yanaanza kutoka kwa vipindi, yanaruka, yanakatika, yanaruka tena. Kifungua mimba wangu alikifunga na kukifungua kishikio kile mara nyingi hata nikaona haya mbele ya waliokuwa wakisubiri nyuma yetu, kisha akageuka na kunieleza kwa nini moyo una vyumba zaidi ya kimoja. Hoja yake haikuwa sahihi kabisa, lakini nilimwacha aendelee.

Walisukuma wao watatu, baba yao na bibi yao, na baada ya dakika moja wote walikuwa wakihema. Mhudumu aliwaambia kwamba pampu kubwa za zamani zilihitaji makumi ya watu waliopokezana kila baada ya dakika chache, na kwamba kwa muda mrefu mdomo wa pampu ulikuwa umefungwa juu ya gari lenyewe, hivyo maji yalirushwa kutoka nje kuelekea dirishani na mengi yakaishia ukutani. Mwanangu wa pili akauliza kwa nini hawakusogea ndani. Hapo akaonyeshwa mpira wa kupitishia maji, wa ngozi iliyoshonwa kwa uzi mnene, mfano wa ule uliobuniwa Amsterdam katika miaka ya 1670 na Jan van der Heyden, aliyekuwa mchoraji na pia mhandisi, ambao uliwawezesha wazimamoto kuyafikisha maji penye moto wenyewe. Nimehudhuria masomo mengi ya historia maishani, na sikumbuki swali la mtoto lililojibiwa kwa kitu badala ya maneno kwa ufasaha namna hii.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha kulipia tiketi hata kama vingine vyote vingefungwa. Kila baada ya saa moja, askari wa zimamoto mstaafu huketi sakafuni mbele ya watoto akiwa na nguo za kawaida na mfuko mkubwa. Anaanza kuvaa kipande kimoja kimoja huku akizungumza bila kunyamaza: buti, suruali, koti zito, kitambaa cha kufunika shingo na masikio, mtungi wa hewa mgongoni, na baada ya hayo barakoa ya uso mzima. Anapoivaa barakoa, sauti yake inabadilika na pumzi yake inaanza kusikika kama ya mnyama mkubwa aliyelala. Kitinda mimba wetu, ambaye dakika mbili kabla alikuwa amemwegemea mzee huyo magotini, alikimbia na kujificha nyuma ya gauni la bibi yake.

Mzee hakumcheka. Aliivua barakoa, akatabasamu, akaivaa tena, akaivua tena, kisha akawaeleza wazazi kwa utulivu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mtoto aliye ndani ya nyumba inayoungua huweza kumkimbia mtu anayekuja kumwokoa, kwa sababu anachokiona kwenye moshi ni umbo lisilo na uso, lenye mgongo uliovimba na pumzi ya kutisha. Ndiyo maana wazimamoto hupekua chini ya vitanda na ndani ya kabati. Huko ndiko watoto hujificha. Baada ya kusema hayo akajilaza kifudifudi na kuwatambalia watoto polepole akiwa amevaa kila kitu, akawataka wapige makofi na kuita, "Niko hapa!" Mara ya kwanza mdogo wetu hakutoa sauti. Mara ya nne alikuwa ndiye anayepiga kelele kuliko wote, na mwishoni aligonga kioo cha barakoa kwa kidole kuhakikisha kwamba mzee bado yumo.

Vazi lote pamoja na mtungi lina uzito unaozidi kilo 20. Kifungua mimba alipovishwa mtungi peke yake alipiga hatua tatu na kuketi. Kuna pia kengele ndogo inayovaliwa, ambayo hulia yenyewe mzimamoto asipotikisika kwa takriban nusu dakika, ili wenzake wajue kwamba ameanguka. Mzee alilala bila kujitikisa, watoto wakaanza kuhesabu, na ilipolia hata mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa kushtuka ovyo, aliruka kitini.

Chumba cha moshi kinafuata. Ni kama chumba cha kulala cha kawaida chenye kitanda, dirisha na mlango, kinachojazwa mvuke wa aina ile inayotumika kwenye majukwaa ya muziki. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, lakini hapa moto haupo, na bado moyo unakuenda mbio, kwa kuwa ukisimama huoni hata mkono wako, na ukipiga magoti unauona mlango wote mpaka chini. Tofauti hiyo kati ya kusimama na kutambaa nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kuielewa mpaka nilipoinama mwenyewe. Watoto hufundishwa kutambaa, kuugusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua, na kutafuta njia nyingine iwapo una joto. Kabla ya kuingia, mhudumu huuliza kila mtoto angebeba nini kama nyumba ingekuwa inaungua. Wangu walitaja begi la shule, mdoli na paka ambaye hatuna. Jibu lake lilikuwa moja kwa wote: hakuna unachobeba, unatoka, na ukishatoka hurudi. Mwenye mtoto mwenye pumu azungumze na wahudumu kwanza, maana mvuke ule hauna harufu kali lakini unakereketa koo, na wao hawaulizi wasipoulizwa. Hilo ni kosa lao, nami niliwaambia.

Onyesho la jikoni hufanyika nyuma ya kioo kinene. Mafuta kidogo yanawashwa ndani ya kikaango, kisha kikombe cha maji kinamiminwa kutoka mbali kwa mpini mrefu, na moto unaruka hadi darini kwa sauti iliyomfanya mume wangu arudi nyuma. Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi na mazuri: maji huzama chini ya mafuta yanayoungua, hugeuka mvuke ghafla, mvuke huo huchukua nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko maji yenyewe, na hivyo huyarusha mafuta hewani yakiwa yamewaka. Mara ya pili walifunika kikaango kwa mfuniko na kuzima jiko, na moto ukafa kimya kimya. Nakiri kwamba kama ningeulizwa asubuhi ya siku hiyo, huenda ningejibu maji.

Ghorofa ya juu ni ya historia, na hapo ndipo makumbusho haya yanapopotea njia. Mada zenyewe ni nzito: kikosi cha vigiles, yaani walinzi waliozima moto, kilichoundwa na Kaisari Augusto mjini Roma mwaka 6 baada ya Kristo, moto mkuu wa London wa mwaka 1666 ulioanzia kwenye nyumba ya mwoka mikate, na kikosi cha manispaa cha Edinburgh kilichoanzishwa mwaka 1824 chini ya James Braidwood, ambaye mwaka 1861 alifia kazini huko London baada ya kuangukiwa na ukuta. Lakini vibao vimetundikwa kwenye kimo cha mtu mzima, maandishi ni madogo, na hakuna kitu cha kushika isipokuwa ndoo moja ya ngozi. Wanangu walizunguka kwa dakika sita na kuomba kushuka. Inasikitisha kidogo, kwa sababu watu waliobuni ile pampu ya chini wanajua vizuri jinsi mtoto anavyojifunza, na ingetosha kuweka mlolongo wa ndoo ambao watoto wangepokezana ili waone ni maji kiasi gani yanamwagika njiani.

Mambo mengine madogo. King'ora cha ukumbi wa magari hulia bila onyo, kwa hiyo mwenye mtoto anayeogopa sauti aje na vifaa vya kuziba masikio. Chukueni nguo za kubadilisha, kwa sababu pampu huwalowesha wote. Mtoto aliye chini ya miaka minne hatafaidi mengi zaidi ya magari, na kijana aliyepita miaka 13 atajifanya amechoshwa mpaka afike kwenye chumba cha moshi. Saa za maonyesho ya mavazi na ya jikoni ziulizeni mlangoni mara mnapoingia, kisha pangeni mengine kuzizunguka. Sisi tulibahatika tu.

Nyumbani tulinunua kifaa cha kutambua moshi, nami nimejiwekea desturi ya kukijaribu mara moja kwa mwezi kama tulivyoelekezwa. Jumamosi iliyopita nilibonyeza kitufe chake bila kumwambia mtu. Watoto watatu walitambaa hadi mlangoni, wakaugusa kwa nyuma ya kiganja, wakatoka, na mdogo akawa anaita "Niko hapa!" kwa nguvu zote akiwa uani. Bibi yao alitoka nyuma yao. Mimi nilifika wa mwisho, na mwanangu wa pili, akiwa amekunja mikono kifuani, akanitazama mkononi na kusema, "Mama, umerudi kuchukua simu."