Hadubini ya USB kwa kuhesabia magamba ya nyoka kipofu

Kwenye boksi wameandika "mara 1000". Puuza, hiyo ni namba ya biashara. Hadubini hizi ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya Barabara ya Digo, Mombasa, hutoa picha safi kwa ukuzaji mdogo tu, na kwa nyoka kipofu, yule mdogo kama mnyoo anayeishi udongoni, yatosha.

Tatizo ni mwanga. Taa zimeizunguka lenzi, na magamba ya nyoka huyu yanang'aa kama kioo, hivyo mipaka ya gamba na gamba hupotea. Zima taa hizo, mulika kwa pembeni, mzamishe nyoka (aliyekwisha kufa) kwenye kisahani chenye spiriti ya asilimia 70. Mng'ao unakwisha.

Anza na safu za magamba zinazozunguka mwili katikati; idadi yake husaidia kutofautisha spishi. Yule mweusi wa kwenye vyungu vya maua, Indotyphlops braminus, ana 20; wale wembamba wa jenasi Leptotyphlops wana 14. Braminus amesafiri na miche hadi Karibi, kwa hiyo anayedhani amepata spishi mpya huko amwondoe huyu kwanza. Tazama mshono wa chini wa gamba la pua: kwa braminus hugusa gamba lililo mbele ya jicho, kwa nyoka vipofu wa Karibi wa jenasi Typhlops hugusa gamba la pili la mdomo wa juu. Hapo ndipo pesa yako inaonekana.

Magamba ya mgongoni ni mamia; weka pini kila baada ya 10, la sivyo utaanza upya. Stendi nayo ni nyepesi mno: ukigusa meza, picha inatikisika.