Pacuare au Savegre: Uteremke Mto Gani Costa Rica?

Mito hii miwili, ambayo watalii huteremka kwa boti la mpira, huanzia milima ya Talamanca, kisha njia zao zinaachana: Pacuare unashuka mashariki hadi Bahari ya Karibi, Savegre unaelekea Pasifiki, kusini mwa mji wa Quepos.

Kwa nguvu ya maji, Pacuare uko mbele. Mikondo yake ni ya daraja la 3 na la 4 (kipimo cha ugumu, cha 1 hadi 6, na 6 ndiyo ngumu zaidi), ndani ya korongo lenye msitu pande zote na vijito vinavyodondoka kutoka juu. Nawaambia wazi, hakuna mto wa kule ninaoupenda kuliko huu. Savegre ni wa daraja la 2 na la 3, maji yake maangavu, na mtoto mkubwa kidogo ataufurahia.

Uhakika wa maji nao una uzito. Upande wa Karibi mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo Pacuare hupitika miezi yote. Pasifiki kuna kiangazi, Desemba hadi Aprili, na Savegre hupungua kina.

Gharama? Pacuare hupanda ukilala korongoni. Ukienda na kurudi siku moja kutoka mji mkuu, San José, unaokoa. Aliyefikia Manuel Antonio, eneo la ufukweni karibu na Quepos, Savegre uko jirani.

Jambo moja linanifurahisha kwa yote miwili: mwaka 2015 serikali ilizuia mabwawa ya umeme humo kwa miaka 25.

Mwenye ujasiri na siku mbili, Pacuare. Mwenye wazazi au watoto, Savegre, ila aende mvua zikishaanza.