Jungfraujoch kwa siku moja kutoka Interlaken: uzoefu wangu

Anga likiwa safi, sijaona safari ya siku moja katika Uswisi inayoishinda hii ya kwenda Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu kwenye milima ya Alpi. Mawingu yakitanda, haistahili nauli yake. Kiangazi, kwenda na kurudi kutoka stesheni ya Interlaken Ost ni zaidi ya faranga 200 kwa mtu mzima asiye na kadi ya punguzo, na ukungu ukikukuta huko juu, utalipa fedha hizo zote uone weupe mtupu dirishani.

Kwa hiyo usiharakie kununua tiketi ya tarehe maalumu. Amka mapema, ufungue kamera za moja kwa moja za mlimani kwenye tovuti ya reli, ndipo uamue. Usitegemee dirisha la hoteli: Interlaken iko mita 567 tu juu ya usawa wa bahari, na inaweza kufunikwa na ukungu wakati kituo cha juu, chenye mita 3,454, kinawaka jua. Kiangazi hewa ya bondeni hupata joto, hupanda na kuleta mawingu mchana, ndiyo maana mimi huchagua treni za mwanzo. Miezi hiyo weka pia nafasi ya kiti kwa kipande cha mwisho cha safari, treni ya kutoka Eigergletscher hadi juu. Mwenye Swiss Travel Pass, pasi ya watalii ya usafiri wa umma, hasafiri bure hadi juu: pasi inamfikisha kijiji cha Grindelwald au cha Wengen, na kuanzia hapo anapata punguzo la asilimia 25. Half Fare Card, kadi ya punguzo, hupunguza nusu ya nauli.

Wengi hukosea hapa: treni inayoondoka Interlaken Ost hugawanyika kwenye stesheni ya Zweilütschinen, mabehewa mengine yakaenda Lauterbrunnen na mengine Grindelwald. Soma kibao cha behewa kabla hujapanda. Kwa njia ya haraka, shuka Grindelwald Terminal, upande gari la waya la Eiger Express, lililofunguliwa Desemba 2020. Kwa dakika 15 linakufikisha stesheni ya Eigergletscher, likipita mbele ya ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger. Kutoka hapo treni huingia kwenye handaki la reli iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1912. Husimama kidogo kwenye stesheni ya Eismeer, mita 3,160, ambapo kuna madirisha yaliyotobolewa kwenye mwamba. Shuka utazame, lakini rudi upesi, treni haingoji.

Juu, anza na lifti ya kwenda Sphinx, jengo la kutazamia mandhari, kabla foleni haijawa ndefu. Baraza lake liko mita 3,571, na kutoka hapo unauona mto wa barafu wa Aletsch ukijipinda kuelekea kusini, takriban kilomita 20. Hicho ndicho kitu cha kulipia. Pango la barafu linapendeza, ila sakafu inateleza. Maduka ya saa na chokoleti yapite tu, vitu hivyo vipo bondeni pia. Kama njia imefunguliwa, nenda kwa miguu hadi kibanda cha Mönchsjochhütte, karibu saa moja kupanda kwenye theluji. Viatu viwe vya soli yenye meno. Usitoke nje ya njia iliyowekewa alama, kwani chini ya theluji kuna nyufa za barafu zisizoonekana.

Hewa ya huko ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi ikilinganishwa na pwani, nawe umepanda karibu mita 2,900 kwa saa moja na nusu. Kichwa kikianza kugonga au kizunguzungu kikikushika, kunywa maji, keti, tembea polepole. Kisipopoa, teremka, dawa yake ni kushuka. Miwani ya jua na krimu ya kukinga jua ni lazima hata kwenye baridi, maana theluji huurudisha mwanga usoni.

Kurudi, usipite njia uliyojia. Teremka kwa treni hadi Kleine Scheidegg, ubadilishe, ushuke kupitia Wengen hadi Lauterbrunnen. Ni polepole zaidi, lakini mandhari ya upande huu ni bora, na tiketi ya mzunguko inaruhusu. Keti upande wa kushoto kuelekea Wengen uangalie bonde. Lauterbrunnen, tembea dakika chache kutoka stesheni hadi maporomoko ya Staubbach, yenye urefu wa karibu mita 300. Treni za kurudi Interlaken Ost hupita kila nusu saa.