Kung'oa gego la mwisho kwa upasuaji: brufeni na panadoli zimenitosha, tatizo ni saa

Gego la chini lililolala, fizi ikapasuliwa, mfupa ukachongwa kidogo, nyuzi tatu. Ganzi ilikuwa lidokeini yenye adrenalini. Nyumbani nikatumia ibuprofeni (brufeni) na parasetamoli (panadoli) tu. Kwa kutuliza maumivu natoa nyota nne. Ya tano imepotelea kwenye bahasha ya dawa.

Bahasha iliandikwa "1×3" basi. Mtu akisoma hivyo humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima anabaki bila kinga, na usiku wa kwanza ndio mchungu. Dawa ya maumivu ya upasuaji huenda kwa saa. Kwa mtu mzima mwenye afya: ibuprofeni mg 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula; parasetamoli g 1, yaani vidonge viwili vya mg 500, kila baada ya saa 6, isizidi g 4 kwa siku. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo zikienda pamoja zinatuliza kuliko moja peke yake. Angalia dawa ya mafua uliyo nayo nyumbani: nyingi zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua.

Dozi ya kwanza imezwe kabla ganzi haijaisha. Ganzi ya taya la chini huchukua kama saa 2 hadi 4. Ukichomwa saa tatu asubuhi, meza saa tano, bila kusubiri mdomo uzinduke. Parasetamoli itafuata saa kumi na moja jioni, saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Weka kengele ya simu. Ukiyaacha maumivu yapande kwanza, utahangaika kuyashusha.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina ya ibuprofeni, au mjamzito, aseme mapema. Ibuprofeni si yake. Aspirini usijitibu nayo, inaongeza kutoka damu.

Kwenye kiti, ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Utahisi taya likigandamizwa na utasikia mlio. Ukihisi maumivu makali ya kuchoma, inua mkono uongezewe ganzi. Moyo kwenda mbio dakika chache baada ya sindano mara nyingi ni ile adrenalini iliyo ndani ya ganzi.

Gozi, kitambaa kinachowekwa juu ya kidonda kuzuia damu, ing'atwe dakika 30 hadi 45 bila kuichungulia. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, dakika 20 shavuni kisha ipumzishwe, siku ya kwanza. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, usishtuke. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi ya maji ya vuguvugu, yaanze baada ya saa 24, na uyaache yadondoke yenyewe. Kutema kwa nguvu, mrija na sigara huweza kung'oa donge la damu linalolinda mfupa. (Juisi ya miwa kwa mrija, naam, nayo imo.)

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa kishindo siku ya tatu au ya nne, yakapanda sikioni na mdomo ukanuka, hilo ni tundu kavu, yaani lile donge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Kuongeza vidonge hakusaidii sana. Rudi lioshwe na kuwekwa dawa ndani. Nafuu huja upesi.