Treni za 2024: Ukinipa Pesa Niinunulie Kisumu Moja, Nachukua Ipi?

Hamjambo jamani, karibuni tena. Leo sina simu mkononi, sina spika wala pasi ya mvuke. Wale mliozoea kuniona nikifungua maboksi, boksi la leo ni kubwa kidogo. Niko hapa Kisumu, nyuma yangu ni stesheni ya reli, ule upande ni bandari, na huo moshi mnaouona ni wa samaki, si wa treni.

Mwaka 2024 umeisha, na kila mwezi nilikuwa naona mahali wamekata utepe wa reli. Nikasema nizichambue hizi treni kama navyochambua bidhaa nyingine yoyote. Swali ni hili: ukinipa pesa leo uniambie niichagulie Kisumu treni moja kati ya hizi, nachukua ipi? Na mnanijua, mimi siamini maandishi ya kwenye boksi. Simu inaandikwa megapikseli mia, unaifikisha nyumbani, picha ya usiku ni kiza kitupu. Kwa treni, kinachoandikwa kwenye boksi ni kasi.

Basi tuanze na kasi, tumalizane nayo. Tarehe 29 Desemba, Beijing, China wakaonyesha treni yao mpya, CR450. Majaribioni ni kilomita 450 kwa saa, na ikianza kubeba abiria itaenda 400. Zile zao za sasa zinapiga 350, na reli zao za kasi zimepita kilomita 48,000. Ni mashine ya ajabu, sibishani. Lakini mwaka 2024 ulipoisha ilikuwa sampuli tu, tiketi haikuwa imeuzwa hata moja. Na kwa kasi hiyo, ukitoka hapa hujamaliza kumenya ndizi uko Kibos, hapo tu nje ya mji. Nani ana haraka ya Kibos kiasi hicho?

Mwaka huohuo, Oktoba mosi, ile Shinkansen ya kwanza ya Tokyo hadi Osaka ilitimiza miaka 60. Hiyo nayo ina kasi, ndiyo. Kinachonishangaza mimi ni kwamba saa za msongamano treni zinafuatana kwa dakika chache tu, kama matatu za Kondele, ila hakuna mtu anayening'inia mlangoni akipiga kelele "mmoja aende, mmoja tu!" na ndani viti sita viko wazi.

Kwa hiyo kipimo changu cha leo ni hiki: ukiachwa na hii, nyingine inakuja lini?

Tujipime sisi kwanza. Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, wakati mji huu unaitwa Port Florence. Desemba 2021, baada ya kukarabati zile kilomita 217 kutoka Nakuru, treni ya abiria ikarudi. Inatoka Nairobi Ijumaa jioni, inageuka kutoka hapa Jumapili jioni. Naipenda sana hiyo treni, niseme ukweli. Molo baridi inakuingia mpaka kwenye soksi, Londiani mnapita usingizini, halafu kunakucha mko kwenye miwa ya Muhoroni na watoto wanawapungia mkono. Lakini ukiachwa, subiri wiki. Kwa harusi ya Jumamosi, sawa. Una kliniki ya Jumanne? Tafuta shato, yaani matatu ya masafa.

Sasa twende kwa jirani, maana hapa ndipo pana utamu. Tanzania, mwezi wa Juni, wameanza Dar es Salaam hadi Morogoro. Julai wakafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akazindua rasmi. Treni ya umeme, kilomita 160 kwa saa. SGR yetu sisi inavuta dizeli, na abiria wanakwenda kwa 120. Dar hadi Dodoma ni kama saa tatu na nusu, safari ambayo kwa basi inakula siku nzima. Nauli ya kawaida waliiweka shilingi 31,000 za kwao, tuseme kati ya 1,500 na 1,700 za kwetu. Kisha wakaleta ile yenye pua ndefu, Watanzania wakaibatiza Mchongoko. Watani zetu kwa majina hawana mpinzani.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni stesheni. Ya Dar iko katikati ya mji, jengo lina umbo la jiwe la tanzanite, unashuka uko mjini. Sisi SGR inakushusha Syokimau, na kule Mombasa ni Miritini. Umeokoa saa mbili kwenye reli, unazirudisha kwenye foleni. Halafu treni ni kadhaa kwa siku. Kasoro? Umeme. Zilipoanza tu safari za Dodoma treni ikakwama njiani kwa hitilafu ya umeme, na shirika lao la reli likawataja ngedere na bundi. Nilicheka, halafu nikakumbuka hapa kwetu 2016 tumbili mmoja aliwahi kuzima umeme nchi nzima, nikanyamaza. Nawapa nane na nusu kwa kumi.

Riyadh. Najua wengi mna ndugu kule, hata binamu yangu yuko huko, na ndiye aliyenitumia video ya kwanza. Wamefungua metro tarehe 1 Desemba. Mradi mzima ni njia sita, kilomita 176, stesheni 85, na treni hazina dereva. Nauli ni riyali nne kwa saa mbili za kuzunguka, kama 140 za kwetu. Binamu anasema raha yake ni ubaridi wa ndani, na kwa joto lile namwelewa. Bidhaa ni ya hali ya juu, ila si ya mfuko wetu. Ni kama kuchambua friji ya milango minne wakati jikoni una jiko la makaa.

Kuna nyingine mbili nazipita haraka. Thessaloniki, Ugiriki, metro ya kilomita 9.6 iliyoanza kuchimbwa 2006. Kila wakichimba wanakutana na mji wa kale, ikafunguliwa Novemba 2024. Na Ho Chi Minh, Vietnam, njia ya kwanza ya kilomita 19.7, ujenzi tangu 2012, imefunguliwa tarehe 22 Desemba. Hiyo ya pili nimeitazama kwa makini kwa sababu ule ni mji wa pikipiki, kama sisi na boda zetu. Mwezi wa kwanza walisafirisha watu bure. Kipimo chenyewe ni baada ya watu kuanza kulipa, ndipo unajua kama watu wa pikipiki wamehama kweli.

Na msinunue kwa kuangalia rangi. Kule Novi Sad, Serbia, stesheni ilikuwa imetoka kukarabatiwa, imefunguliwa tena Julai. Novemba mosi paa la mlangoni likaanguka likaua watu 14, na baadaye wengine wawili wakafia hospitalini, jumla 16. Baada ya hapo watu wakaingia barabarani kuandamana.

Haya, tuje kwa ile iliyonifanya nirekodi hii video. Lagos. Njia yao nyekundu, Agbado hadi Oyingbo, kilomita 27, imeanza kubeba abiria tarehe 15 Oktoba. Sasa sikia treni zenyewe zimetoka wapi. Ni za kampuni ya Talgo, zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya jimbo la Wisconsin. Siasa zikaingia, mradi ukafa, treni zikakaa miaka bila kubeba abiria. Lagos wakazinunua. Kwa lugha ya soko letu la Kibuye, hiyo ni kamera! Mtumba daraja la kwanza, lebo bado iko! Na hazikujengewa reli ya peke yake, zinapita kwenye reli ya Lagos–Ibadan iliyokuwepo tayari. Nilipenda akili hiyo kuliko zile 450 za China.

Kwa nini nalisema hilo nikiwa Kisumu? Uganda mwezi wa Novemba wamezindua ujenzi wa reli ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ya umeme, kandarasi ya euro bilioni 2.7. Vizuri sana, hongera. Lakini yetu, tangu 2019, imeishia Naivasha. Kati ya hapo na Malaba ni zaidi ya kilomita 350, na sisi ndio tuko humo katikati, kama nyama ya sambusa ambayo haijawekwa. Mwaka 2024 wote tuliambiwa tungoje. Mimi nachambua bidhaa iliyo dukani.

Na dukani kuna hii reli nyuma yangu. Upana wake ni mita moja, nyembamba, kwa hiyo Talgo haiingii, msije mkaninunulia. Lakini mwaka 2020 Nairobi walipata treni za mtumba kutoka Mallorca, Uhispania, na zikawafaa kwa sababu reli ya Mallorca nayo ni ya mita moja. Najua, hiyo si ya 2024, nimedanganya mchezo wangu mwenyewe. Lakini hizo ndizo nachagua. Nipe mbili kama zile, zitoke Muhoroni alfajiri, zipite Chemelil, Miwani, Kibos, saa moja na nusu asubuhi ziko hapa mjini. Saa sita zirudi, jioni zirudi tena. Mama mwenye ndizi, mwanafunzi, fundi, wote wanashukia hapa hapa, hatua chache kutoka ziwani. Stesheni iko pazuri kuliko ya Syokimau, na tunaitumia wikendi tu.

Sasa ndugu zangu wa Muhoroni na Chemelil, nitumieni nauli mnayolipa matatu asubuhi ya siku ya kazi, na ile ya siku ya soko, na mnafika mjini saa ngapi. Video ijayo nataka kupiga hesabu tiketi ya treni hiyo ingefaa kuwa shilingi ngapi, na nauli za kukisia sizitaki.